Lebuajoang Akiri Yote

Sufuria ya chama cha kufa na kuzikana ilipotea wiki ile ile aliyofariki mwalimu mkuu mstaafu. Ilikuwa sufuria ya chuma, ya miguu mitatu, kubwa kiasi kwamba ng'ombe mzima angeiva ndani yake na nafasi ya viazi ikabaki. Marehemu wote wa kijiji cha Ha Lekena, kwa miaka thelathini, walikuwa wamesindikizwa na mchuzi wake. Jumanne asubuhi wanawake wa chama walifungua kibanda cha vyombo ili waisugue kwa ajili ya mazishi ya Jumamosi, wakakuta duara la vumbi pale ilipokuwa ikikaa. Mlango ulikuwa mzima. Kufuli zima.

Hakuna aliyeuliza ufunguo unakaa kwa nani. Walitazamana mara moja tu, kisha nyuso zote zikageuka kuelekea nyumba ya mawe iliyo karibu na bomba la maji, nyumba ya Lebuajoang.

Lebuajoang alikuwa fundi mawe. Kazi ya fundi mawe ni kutazama kuta, na mtu akipita njiani akasimama mbele ya nyumba ya mwenzake, akainamisha kichwa, akapima kwa jicho moja, watu hawasemi anatazama ukuta. Wanasema anatazama dirisha. Jina la mwizi lilianzia hapo, likaota mizizi. Kuku akipotea, Lebuajoang. Blanketi likipeperushwa kambani na upepo wa Agosti, Lebuajoang. Hakuwahi kukamatwa na kitu hata siku moja, jambo ambalo liliwathibitishia watu kwamba ni mwizi hodari kweli kweli.

Kabla chai haijachemka, msafara ulishafika mlangoni: wanawake wanne, Mzee Sekhonyana shemasi wa kanisa, na mbele yao Mamoliehi, mwenyekiti wa chama, blanketi lake limebanwa kifuani kwa pini kubwa kama medali.

"Hatujaja kwa ubaya," alisema Mamoliehi.

"Karibuni kwa uzuri basi," alijibu Mama Limpho, mke wa fundi, bila kusogea mlangoni. "Viatu mvue, nimepaka sakafu jana."

Walivua. Wakaanza kupekua. Walichungulia nyuma ya kabati, wakafunua magunia ya mahindi, na mmoja wao akafungua kopo la sukari.

"Mama," Mama Limpho alimwuliza, "sufuria ya kupikia ng'ombe unaitafuta kwenye kopo la sukari?"

"Naangalia tu."

"Basi chukua kijiko, uangalie vizuri."

Lebuajoang alikaa kwenye kigoda, kofia mkononi, akitazama sakafu kama mgeni katika nyumba yake. Binti yake Limpho, aliyekuwa likizo kutoka chuo kikuu, alisimama pembeni ameshika kalamu. Mzee Sekhonyana alifika kitandani kwa Bibi Makhotso, mama yake fundi, akainama na kuchungulia uvunguni, kisha akasita mbele ya blanketi alilojifunika bibi.

"Funua, mwanangu, usione haya," Bibi alisema. "Huenda nimeilalia. Nangoja iangue."

Shemasi hakufunua. Lakini Mamoliehi hakuwa mtu wa kuondoka mikono mitupu. Alinyoosha kiganja mbele ya bibi kizee.

"Daftari lako la michango, mama. Chama kimeamua. Nyumba hii imesimamishwa mpaka sufuria irudi."

Aliyeshika kopo la sukari akalifunga. Bibi Makhotso alikuwa amechangia chama kile miaka thelathini bila kuruka mwezi, mwaka wa njaa na mwaka wa theluji. Alikuwa ameshachagua nyimbo zake, ameshachagua wabeba jeneza na kuwakataa wawili, na alijua hata ng'ombe wake atakuwa wa rangi gani. Akalitoa daftari chini ya mto, akalipangusa kwa kiganja, akamkabidhi.

"Mamoliehi," alisema taratibu, "unanifukuza kwenye kifo changu mwenyewe?"

"Sheria ni sheria, mama."

"Haya. Basi sitakufa. Tuone nani atachoka kwanza."

*

Walipoondoka, Mama Limpho alisema maneno ambayo shemasi angeyaombea siku tatu. Kisha akamgeukia mumewe.

"Na wewe umekaa tu! Mwanamume mzima, mtu anapekua sukari yako!"

"Ningesema nini?"

"Ungesema hukuiba!"

"Nimesema hivyo miaka mitano, mke wangu. Nikisema sikuiba, wanasema sikia mwizi anavyoongea. Nikinyamaza, wanasema dhamiri inamsuta. Nikicheka, nimezoea. Nikilia, nimekamatwa."

Limpho alikuwa amekaa kando ya bibi yake, daftari gumu mapajani. Chuoni alikuwa anasoma sosholojia, na likizo hii alitakiwa kuandika insha kuhusu uhalifu katika mtaa wake.

"Ndivyo tunavyofundishwa, baba. Wapo wataalamu wanaosema mtu hawi mkosaji kwa alichofanya tu. Anakuwa mkosaji kwa jina alilobandikwa. Watu wanakubaliana kuwa fulani ni mbaya, ili wao wajione wazuri."

Bibi Makhotso alimtazama mjukuu wake kwa huruma.

"Na mlisafiri mpaka chuo kikuu kufundishwa hivyo? Mbona hapa bombani wanafundisha bure?"

"Bibi, sisi tunaandika. Nimeandika kila kitu wanachosema baba kaiba tangu mwaka juzi. Vitu ishirini na tatu, na tarehe, na saa." Akafungua ukurasa. "Ijumaa Kuu saa nane mchana aliiba kondoo wawili wa Mzee Sekhonyana kule mlimani. Saa nane hiyo hiyo aliiba mabati kumi na mawili ya shule, huku bondeni. Ni mwendo wa saa moja na nusu."

Lebuajoang alilichukua daftari, akalisoma akisogeza midomo. Akafungua ukurasa wa pili. Wa tatu. Mke wake alitarajia alie. Badala yake mabega yake yalianza kutikisika, na baada ya muda ikaonekana kwamba anacheka, kicheko cha chini kama maji yanayochemka chini ya mfuniko.

"Limpho, mwanangu," alisema, "niazime daftari hili kesho. Nina baraza kwa Chifu."

*

Baraza la Chifu Mantoa lilikutana Jumatano saa nne, kwenye uwanja wa zizi. Chifu alikuwa mama wa makamo aliyerithi kiti cha marehemu mumewe pamoja na shemeji zake wote, na alipenda kesi ziishe kabla ya chakula cha mchana. Shemasi aliomba kwa kirefu, akimtaja mwizi mara tatu bila jina huku akimwangalia Lebuajoang. Kisha Mamoliehi akasimama. Alieleza uchungu wa wafiwa, aibu ya kijiji, na mwalimu mkuu wa watu anayesubiri baridini bila mchuzi. Alieleza vizuri mpaka wengine wakajifuta machozi.

"Lebuajoang," Chifu alisema, "sema."

Fundi alisimama, akavua kofia yake.

"Chifu wangu, nimeiba sufuria."

Watu waliguna kama ng'ombe wanaofunguliwa zizi. Mama Limpho aliweka mkono mdomoni. Mamoliehi, ambaye angepaswa kufurahi, alionekana kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Kumbe!" alisema mtu nyuma.

"Subirini," alisema Lebuajoang. "Mtu akitubu atubu yote. Nusu toba ni kama nusu ukuta, ng'ombe anapita." Akafungua daftari, akalamba kidole. "Ijumaa Kuu saa nane mchana niliiba kondoo wawili wa Mzee Sekhonyana. Saa hiyo hiyo nikaiba mabati ya shule. Kondoo niliwaswaga kwa mbele, mabati nimebeba mgongoni, nikivuka mlima kwa mbio. Nilichoka, Chifu. Wizi ni kazi ngumu."

Kicheko kimoja kilitoka upande wa vijana, kikamezwa.

"Kondoo walirudi wenyewe Jumatatu ya Pasaka, hilo mnalijua, nadhani hawakupenda kwangu. Lakini mabati, naona haya kusema nilikoyaficha." Akamgeukia shemasi kwa unyenyekevu mkubwa. "Nisamehe, Mzee Sekhonyana. Niliyapigilia misumari juu ya jiko lako bila wewe kujua. Niliyaona juzi uliponiita kutengeneza bomba la moshi. Muhuri wa shule bado upo, upande wa ndani. Nilipiga misumari kimya kimya, wewe ukiwa umelala, siku mbili nzima."

Sasa hakuna aliyemeza kicheko. Kilipanda uwanjani kama vumbi la mifugo, na wanawake wazee walishikana ili wasianguke. Mzee Sekhonyana alifungua Biblia yake katikati, akasoma kwa bidii, japo aliishika juu chini.

"Namba ya tatu," Lebuajoang aliendelea. "Betri ya zahanati, ile ya umeme wa jua. Tarehe tisa Juni niliiiba mimi, nikaificha..."

Akanyamaza ili afungue ukurasa. Ukweli ni kwamba hakuwa na chochote cha kusoma kwenye ukurasa ule. Kuhusu betri hakujua lolote, wala ilipo, wala aliyeichukua, na alikuwa anajiuliza sentensi ile aimalizeje. Lakini shemeji mmoja wa Chifu, mwenye duka lenye taa zinazowaka hata siku za mawingu, alikohoa kwa nguvu, na Chifu Mantoa akasimama wima.

"Baraza limefungwa!" alitangaza. "Mvua inakuja."

Watu walitazama juu. Mbingu ya Julai ilikuwa ya buluu, kavu kama ngozi iliyowambwa. Wakakunja mablanketi yao, wakaenda nyumbani kukimbia mvua.

*

Mgeni wa kwanza alifika Alhamisi alfajiri na boga. Alisema amepita tu kumsalimia Bibi. Alipokuwa akitoka alimnong'oneza Lebuajoang, "Ndugu yangu, lile jambo la uzio... tuliache." Wa pili alileta maharage na kusema kwamba dunia ina mambo. Shemasi alituma debe la mahindi na ujumbe kwamba mabati yanashushwa, pole pole, kwa sababu ya mgongo. Mwenye duka alituma sabuni, majani ya chai na tochi.

"Mimi sijui lolote kuhusu uzio!" Lebuajoang alimwambia mkewe jikoni.

"Usiseme unajua," alisema Mama Limpho, akipanga sabuni rafuni. "Usiseme hujui. Kohoa tu."

Akakohoa siku nzima. Kila alipokohoa, mgeni alishusha macho na kuongeza kitu. Kufikia jioni kulikuwa na maboga sita, kuku mmoja, na mama mmoja aliyekuja kutubu kwamba mwaka wa themanini na tano alisogeza jiwe la mpaka hatua moja. Bibi Makhotso alikuwa amechangamka kupita kiasi. Alisema hajaburudika hivi tangu arusi yake.

Walikula maharage ya mgeni. Limpho alisukuma sahani yake pembeni.

"Mbona huli?" baba yake alimwuliza.

"Baba, daftari langu lina vitu ishirini na tatu ambavyo hukuiba." Alivuta pumzi. "Haya maharage niyaandike namba ya ishirini na nne?"

Lebuajoang aliacha kutafuna. Mama Limpho alitaka kusema jambo kuhusu watoto wanaosomeshwa, lakini alipouona uso wa mumewe akaliacha. Kwa miaka mitano mtu huyu alikuwa amelala usingizi wake wote, kwa sababu alijua moja, kwamba hakuna kitu cha mtu ndani ya nyumba yake. Sasa alitazama rafu yenye sabuni na tochi, na hakujua aelekeze wapi macho.

"Kesho tunarudisha," alisema.

"Hata sabuni?"

"Hata sabuni."

"Boga moja nimeshalikata," alisema Mama Limpho.

"Basi rudisha nusu."

*

Ijumaa asubuhi, kabla hawajaanza kurudisha, Mamoliehi alipita mlango wa nyuma. Mlango wa mbele haukupitika bila kuonekana, maana maji yalikuwa yametoka na wanawake kama ishirini walikuwa bombani na ndoo zao, hatua kumi kutoka dirishani. Alikuwa na jogoo chini ya blanketi, na mkononi daftari la michango la Bibi Makhotso.

Alikaa. Akamgeukia Lebuajoang.

"Unajua, sivyo?" alisema kwa sauti ya chini.

Lebuajoang alisahau kukohoa. "Sijui, mama. Nakuapia, sijui chochote."

Lakini kukana kwake hakukuwahi kuaminiwa na mtu, na hata leo hakukuaminiwa.

"Usinitese. Nilimpa mdogo wangu ng'ambo ya Mto Senqu. Alikuwa anamwoza mwanawe, hakuwa na sufuria. Nilisema siku mbili tu. Wakaiacha motoni ikawa nyekundu, mpumbavu mmoja akamwaga maji baridi. Imepasuka kama tikiti. Na sheria ya kwanza ya chama, sufuria isitoke kijijini, niliiandika mimi kwa mkono wangu."

Mama Limpho alitaka kupiga kelele, mumewe akamshika mkono.

"Sikiliza, Ntate," Mamoliehi aliendelea, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita fundi yule kwa heshima. "Wewe umeshakiri mbele ya baraza. Yamekwisha. Jina lako ni nguo ya kazi, doa moja zaidi nani ataliona? Langu ni nguo ya kanisani. Endelea kuwa umeiba wewe. Mimi nitakirudishia chama moyo wa huruma, na daftari la mama hili hapa. Atazikwa kama malkia."

Akaliweka mezani. Lebuajoang alilitazama. Kisha akamtazama mama yake, mwembamba ndani ya mablanketi yake, na Mama Limpho aliona kabisa kwamba mumewe anakaribia kukubali. Kwa ajili ya mama, mtu hukubali mengi.

Hapo Bibi Makhotso, ambaye masikio yake yalisikia mbegu ikiota, aliweka kiganja nyuma ya sikio.

"Anasema nini huyo?"

"Namsalimia tu mwanao, mama."

"Nani kasafiri?"

"Nasema namsalimia!"

"Usininong'oneze, mwanangu, mimi kizee. Sufuria imefanyaje?"

Mamoliehi alitazama dirisha, akasogea kitandani. "Imepasuka, mama."

"Imetakasika?"

"Imepasuka!"

"Nani kapasuka?"

"SUFURIA!"

"Ya nani?"

"YA CHAMA, MAMA, YA CHAMA!"

"Maskini. Kaiba nani?"

"HAIKUIBWA! NILIMPA MDOGO WANGU MIMI MWENYEWE!"

Nje, kelele za bombani zilikatika kama uzi. Ndoo ya mtu ilijaa, ikafurika, maji yakatiririka njiani, na hakuna aliyefunga bomba.

"Aaa," alisema Bibi Makhotso, akajilaza. "Sasa nimesikia."

*

Jumamosi walimzika mwalimu mkuu. Ng'ombe alipikwa kwenye sufuria kumi na moja za majumbani, zingine zikaungua, zingine nyama ikagoma kuiva, na wazee walisema marehemu, aliyekuwa mkali kwa wanafunzi wazembe, angewachapa wapishi wote. Asubuhi hiyo Mama Limpho alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akirudisha maboga, likiwemo nusu, na watu waliyapokea kwa wasiwasi, wakiamini ni mbinu mpya.

Chifu mwenyewe alimwita Lebuajoang akae na wazee. Watu walimshika mkono, wakamwambia siku zote walijua. Wakati wa chakula, mazungumzo yalikuwa ya mtu mmoja tu.

"Kumbe ni yeye! Na yule kuku wangu mwekundu wa mwaka jana?"

"Yeye tu. Nani mwingine?"

"Na blanketi langu la arusi!"

"Mimi nilimshuku zamani. Mtu gani anabana pini kubwa vile?"

Limpho alikuwa nyuma ya baba yake, anagawa ugali. Aliinama.

"Unawasikia, baba? Wanahamisha tu. Hawajafuta kitu."

Lebuajoang aliwasikia. Mamoliehi alikuwa amekaa peke yake karibu na ukuta wa zizi, sahani mapajani. Benchi lake lilitosha watu sita, na kulia na kushoto kwake watu walikuwa wamesimama, afadhali miguu iwaume. Hakuwa anakula. Mkononi alikuwa na mfupa mkubwa ambao mgawaji alimpa kwa mazoea, kabla hajakumbuka.

Fundi aliinuka, akawaomba wazee radhi, akavuka uwanja na sahani yake. Alikaa kwenye benchi. Mkewe, aliyekuwa bado na hesabu kadhaa na mama yule, alimkata jicho kutoka kwenye masufuria.

"Usikae hapa," Mamoliehi alisema bila kuinua uso. "Watasema tunagawana."

"Tugawane basi. Wewe umepewa mfupa, mimi nimepewa maji ya moto."

Mama yule alitazama mfupa kana kwamba anauona sasa hivi. Alichomoa kisu, akakata nyama nusu, akaiweka kwenye sahani ya fundi. Walikula. Uwanja mzima ulikuwa unawatazama kwa kujifanya hautazami.

"Yule kuku mwekundu," Mamoliehi alisema ghafla. "Nakuapia kwa Mungu, Ntate, sikumchukua mimi."

"Najua," alisema Lebuajoang akitafuna. "Huyo mbona nilishamwiba mimi mwaka jana."

Mamoliehi alipaliwa na mchuzi. Akakohoa, akajaribu kujizuia, akaziba mdomo kwa blanketi, haikusaidia. Na waombolezaji wote wa Ha Lekena, kuanzia Chifu mpaka shemasi, wakageuka kuwatazama wezi wao wawili wakicheka msibani.